Injini ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ingawa uzima wenyewe ni wa kusema tu. Barua hii anakuletea dereva wa lori la unga, maana mnara wa simu uliangushwa na ile dhoruba ya mwezi jana na mpaka leo hakuna aliyekuja hata kuutazama. Dereva anazunguka kwa njia ya juu, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, asipokwama kwenye tope. Ukimaliza kusoma, mpe jibu yeye huyo huyo.

Sitaki kukuzungusha. Leo nimefungua stoo. Injini ya boti ya kaka yako nimeivua magunia.

Nilisimama mlangoni nimeshika kufuli, kama mtu anayekwenda kumwamsha mgonjwa aliyekatazwa kuamshwa. Miaka saba, shemeji. Panya wamejenga chini ya kifuniko. Kamba ya kuwashia imekauka, ukiikunja inakatika nyuzi nyuzi. Harufu ya mafuta iliyotoka humo ni ile ile ya shati lake. Nilirudi nje nikakaa kwanza juu ya ndoo.

Nataka iwake. Pantoni imeharibika tangu mvua zianze, kipuri wanasema kinasubiriwa, na wanaokisubiri sasa wameacha hata kuuliza. Mimi nahitaji kuvuka. Uzi umeniishia, na wenye sare zao za shule wananifuata mpaka jikoni.

Sijui injini, lakini unanijua: cherehani yangu hakuna fundi mwingine aliyewahi kuigusa. Niandikie kama unavyomwandikia mtu aliyezoea kushika bisibisi. Nianze wapi?

Kuhusu mafuta usinifundishe. Safari hii nitayapima mwenyewe, mara mbili, mbele ya shahidi. Unajua kwa nini.

Binti yetu anakusalimu. Yuko hapa nyumbani kwa muda.

Ni mimi, shemeji yako.


Alhamisi, 6 Machi

Shemeji yangu,

Barua yako imenikuta kazini. Nilipofika kwenye neno "injini" nilizima mashine ya kusaga, wateja wakadhani umeme umekatika.

Iache. Nakuomba kama ndugu yako. Injini iliyokaa miaka saba si kitu cha kuchezea, na maji ya mwaka huu si yale tuliyoyazoea. Niandikie rangi za uzi, nitakutafutia huku nikupakilie kwenye lori. Hata cherehani ya pili nitakutafutia ukitaka. Ila usiipeleke injini ile majini.

Najua hutanisikia. Kaka alikuwa akisema ukishashika jambo lako, afadhali abishane na ukuta. Basi kama ni lazima uichokoe, ichokoe nchi kavu, na ufuate hivi.

Kamba usiivute. Ukiivuta injini ikiwa kavu ndani utakwangua silinda, na hapo umeiua. Fungua plagi zote mbili, mimina oili kijiko kimoja kimoja kwenye matundu yake, uiache ilale siku nzima. Kesho yake zungusha lile gurudumu la juu kwa mkono, taratibu, kama unavyozungusha gurudumu la cherehani ukitafuta sindano ilipo. Likizunguka bila kukwaruza, endelea. Likigoma, usilazimishe, rudisha magunia, mambo yaishe.

Mafuta ya zamani yamwage yote, mbali na jiko. Kabureta ifungulie juu ya shuka jeupe, maana ina vitu vidogo vinavyoruka. Humo utakuta utando wa njano kama gundi. Vitundu vyake vizibue kwa uzi wa nailoni, si kwa sindano, sindano inavipanua. Plagi zisugue kwa msasa. Oili ya gia, kule chini, ikitoka nyeupe kama maziwa ujue maji yameingia, na hapo uache.

Ukifanya yote hayo na isiwake, basi imekufa. Si wewe uliyeshindwa.

Mwambie binti namkumbuka. Anaumwa? Hukusema kwa nini yuko nyumbani.

Fundi, shemeji yako.


Jumatano, 12 Machi

Shemeji Fundi,

Imewaka!

Nimefuata kila ulichosema. Gurudumu lilizunguka laini mpaka nikashangaa. Oili ya gia nyeusi safi. Kijiti kimoja cha kabureta kiliniruka, nikakitafuta kwenye shuka saa nzima, kumbe kimeingia kwenye kiatu changu. Kamba nimesuka mpya kwa uzi wa kushonea mahema.

Mkata Tiketi wa pantoni, yule mrefu asiyevua kofia ya kazi, amekuja kila siku kunisaidia kubeba. Tangu pantoni ilale hana wa kumkatia tiketi, naona mikono inamwasha. Tuliifunga injini kwenye mbao mbili uani, mguu wake tukautumbukiza kwenye pipa la maji. Nikavuta kamba mpaka bega likafa ganzi. Hata kikohozi.

"Mama," akasema, "hii tuiache ipumzike."

"Imepumzika miaka saba. Shika pipa."

Nikavuta tena, ikakohoa. Nikavuta tena, ikanguruma. Moshi mweupe ukajaa ua mzima, kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Furaha yangu haikumaliza dakika, shemeji. Ile sauti. Nilidhani nimeisahau, kumbe masikio yenyewe hayajasahau. Ndiyo niliyokuwa nikiitegea kila jioni ikikaribia, mpaka jioni ambayo haikukaribia. Binti naye alitoka ndani ameshikilia ukuta, midomo imempauka. "Mama, zima! Zima hiyo!" Nikazima.

Sasa nijibu hili kabla ya mengine yote. Lile tundu la nyuma linalotema maji injini ikiwaka, ambalo kaka yako alizoea kuliangalia na kusema, "Inakojoa, nzima hiyo." Haikojoi. Inadondosha, kama mzee mwenye shida zake. Na kichwa cha injini kilipata moto upesi, nilikigusa nikarudisha mkono mbio. Ni kawaida? Katika maelekezo yako yote tundu hili hukulitaja hata mara moja.

Maji yamefika ngazi ya pili ya ofisi ya pantoni.

Shemeji yako.


Jumamosi, 15 Machi

Shemeji,

Hongera. Nasema kweli, sikutegemea.

Kuhusu tundu usihofu sana. Injini iliyokaa huwa hivyo. Mara nyingi ni buibui, au tope limekaukia kwenye mrija. Lichokoe kwa waya mwembamba. Pampu ya maji yenyewe usiifungue. Bolti zake zina kutu, ukizilazimisha zitakukatikia na hutaweza kuirudisha. Lakini usiiwashe zaidi ya dakika mbili kwa mpigo mmoja. Izime, ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu yake. Hilo lishike sana.

Na maadamu imewaka na moyo wako umeridhika, ifunike. Uzi nimekutumia kwa dereva huyu, katoni nzima, wa bluu, mweupe na wa kahawia. Huna tena la kufuata ng'ambo. Kama lipo, niambie ni lipi.

Ukishaifunika, niandikie.

Fundi.


Jumanne, 18 Machi

Shemeji,

Uzi nimeupata, asante. Haikuwa habari ya uzi. Nilikudanganya, nisamehe.

Binti yetu ana mimba ya miezi minane. Mbili za mwanzo zilitoka, unakumbuka ile ya pili ilivyomlaza. Akaniapisha safari hii nisimwambie mtu mpaka mtoto alie. Mumewe yuko kazini mbali, na bila mnara hatuna hata njia ya kumwita. Wiki mbili hizi miguu imemvimba, hata ndala zangu hazimwingii. Kichwa kinamgonga. Jana aliniambia anaona vinyota ukutani, mchana kweupe.

Muuguzi wa zahanati amempima presha mara tatu, akidhani kipimo kimeharibika. Kisha akanivuta nje ya mlango.

"Mama, huyu asizalie hapa. Sina damu ya kumwongezea, sina daktari, sina chumba cha upasuaji. Mvushe."

"Nimvushe kwa chombo gani?"

"Sijui. Lakini mvushe."

Lori halifai; siku mbili za mashimo, atazalia njiani. Boti ya idara ya afya imepelekwa kwenye mafuriko ya huko juu. Wenye mitumbwi ya kasia hawathubutu kukata katikati, maji yamekuwa mapana mno na upepo ukianza saa nne hauna masihara. Imebaki injini hii. Sasa unaelewa.

Tundu nimelichokoa kwa waya. Linatoa kidogo kuliko mwanzo, si sana. Nyufa za boti yetu nimeziziba kwa lami. Tutaondoka Jumapili alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mkata Tiketi atakuja na kasia mbili.

Naogopa, shemeji. Nikikata kitambaa mkasi unakwenda kombo. Nikimtazama binti naona maji nyuma yake, hata akiwa amekaa jikoni. Mmoja nilishampeleka kwa uzembe wangu. Nililijaza dumu mbio mbio na halikumfikisha. Wa pili sitaweza. Kama kuna kitu unakijua kuhusu injini hii na hujaniambia, labda ukidhani sitaelewa, niambie sasa. Nitaelewa.

Shemeji yako.


Alhamisi, 20 Machi, adhuhuri

Shemeji,

Kama barua hii imekukuta nchi kavu, usiondoke. Isome mpaka mwisho kwanza.

Kwenye tundu hakuna buibui. Nilikudanganya. Ndani ya pampu kuna raba yenye mapezi, umbo lake kama ua, ambayo huzunguka na kuvuta maji ya kuipoza injini. Hiyo iliyomo si ya kiwandani. Niliikata mimi kwa kisu kutoka kwenye soli ya buti la mvua. Ya kweli haikuwa ikipatikana, kaka alitaka kuwahi kazi yake, nikamwambia, "Nimeweka mpya." Akanishukuru.

Siku ile mimi na kaka tulipofika katikati injini ilianza kunuka. Ikapiga kelele kama chuma kinasagwa, ikazima. Mafuta yalikuwepo, shemeji. Dumu lilikuwa limepita nusu. Wimbi likatugeuza. Mimi sijui kuogelea, unajua. Kaka akalifungua dumu, akamwaga mafuta yote majini, akalifunga, akanisukumia. "Kumbatia hili, usiachie." Yeye akashika ubavu wa boti. Wimbi la tatu liliponipandisha juu, sikumwona tena.

Walionikuta walinikuta na dumu tupu. Mmoja akasema, "Kumbe waliishiwa mafuta." Nilikuwa nimelala kwenye matope natapika maji. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Niliporudishwa nyumbani nikakukuta sakafuni unajipiga kichwa, unasema, "Ni mimi, nililijaza mbio mbio." Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Kesho yake ikawa ngumu zaidi. Baada ya wiki ikawa haiwezekani.

Boti na injini walipoviokota, siku za msiba nilijifungia stoo, nikaifungua injini yote, nikaikausha na kuipaka oili. Watu wakasema, tazama anavyompenda kaka yake. Nilikuwa naogopa mtu mwingine asiifungue kabla yangu. Ndiyo maana gurudumu lilikuzungukia laini. Hata hivyo pampu niliiruka. Sikuweza kuitazama ile raba.

Nilipokupa maelekezo nilitumaini haitawaka. Ilipowaka nikaogopa kusema, kwa sababu ningesema la pampu lazima ningesema na la dumu.

Kwenye bahasha hii kuna raba ya kiwandani. Nimekaa nayo sandukuni miaka sita. Bolti za pampu ni nne, juu kidogo ya propela, na hazina kutu. Nilizipaka grisi kwa mkono wangu siku niliyoweka ile raba ya buti. Mkata Tiketi aushike mguu wa injini, wewe shusha kifuniko, toa yangu, ingiza hii huku ukiizungusha ili mapezi yote yalale upande mmoja. Ni kazi ya nusu saa. Usivuke bila kuifanya.

Nimepiga simu hospitali, boti yao haijarudi. Dereva anaondoka kesho alfajiri, ameniapia Jumamosi jioni atakuwa mlangoni kwako.

Hukumuua. Mafuta yalitosha kwenda na kurudi.

Fundi


Jumatatu, 24 Machi

Shemeji yangu wa pekee,

Mtoto wa kike! Kilo mbili kasoro kidogo, amelazwa kwenye kisanduku cha joto, ana kucha ndefu kama karani wa mahakama. Mama yake amepasuliwa Jumamosi alasiri. Bado amelegea, lakini jana alinigombeza kwa kuweka shuka vibaya, nikajua amerudi.

Hatukungoja Jumapili. Ijumaa mchana binti aliniita, nikamjibu nikiwa mbele yake kabisa, akasema, "Mama, uko wapi?" Macho yalikuwa wazi. Jumamosi kulipopambazuka tulikuwa majini.

Wewe ndiye uliyetuvusha, shemeji, nakuambia. Maneno yako ya dakika mbili niliyashika kama hirizi. Nilihesabu mpaka mia na ishirini, nikazima. Tukapiga kasia injini ikipoa, nikaweka kiganja, nikawasha tena. Kila nikizima, binti, aliyelala mbele chini ya turubai, anauliza, "Mama, imekufa?"

"Haijakufa, inapumua."

"Mama, usinidanganye."

"Inapumua, mwanangu. Hesabu na mimi."

Tulipofika katikati upepo ulitoka kabla ya saa yake. Maji yakaanza kuingia kwa ubavu. Nilipofika mia na ishirini nikapeleka mkono kuzima, Mkata Tiketi akaacha kasia akanishika kifundo.

"Mama, usizime sasa! Huoni upepo huo?"

"Baba mdogo wake amesema dakika mbili."

"Baba mdogo wake hayumo humu!"

Nilizima. Boti ikageuka ubavu, na Mkata Tiketi akalia kwa sauti huku anapiga kasia na kofia yake imekwenda na maji. Nilihesabu kupoa kwake kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Nikavuta kamba, ikawaka. Mara ya mwisho nilikosea hesabu, kiganja kikaungua, nimefungwa bandeji sasa. Lakini gati lilikuwa pale.

Nilikuamini wewe kuliko upepo. Namwambia kila mtu humu wodini. Simu zinashika huku, lakini haya nimetaka uyashike mkononi. Uje umwone mjukuu wako.

Shemeji yako.


Alhamisi, 27 Machi

Baba Mdogo,

Upande huu simu zinashika, na namba yako ninayo. Nakuandikia kwa sababu sitaki kusikia sauti yako bado.

Dereva alifika kwetu Jumamosi jioni akakuta tumeshaondoka. Juzi Jumanne, akiwa anarudi, alipita hospitali akaniachia bahasha. Mama alikuwa ameshuka kufua nguo za mtoto. Niliipapasa nikasikia kitu laini ndani, nikadhani umemletea mtoto mdoli. Nikafungua.

Nilikuwa na miaka kumi na saba Baba alipokufa. Unajua Mama amekuwaje tangu hapo? Hawezi kujaza kitu kikaishia mdomoni. Chupa ya chai lazima imwagike mezani, mtungi lazima ulowanishe sakafu, taa ya mafuta lazima ichuruzike mpaka kwenye kitambaa. Tulikuwa tunamcheka. Wewe mwenyewe ulikuja mara mbili tatu ukakaa kwenye meza ile ile, ukafuta chai iliyomwagika, ukacheka na sisi.

Na kuna hili. Mwuza tiketi wa gati la huku alimwambia Mkata Tiketi wetu kwamba tangu Ijumaa mchana kulikuwa na mwanamume amekaa pale, ovaroli limejaa unga, hali wala hanywi, anatazama maji tu. Tulipotokea alisimama. Tulipofunga kamba hakuwepo. Nilikuona, Baba Mdogo. Walikuwa wananinyanyua, nikaona mgongo wako unaondoka, nikadhani ni vile vinyota vyangu.

Mama anamsimulia kila mgonjwa jinsi ulivyotuokoa. Leo asubuhi alimsimulia daktari. Kila akianza mimi hugeukia ukutani.

Barua yako iko chini ya godoro langu. Sitampa. Akipewa ataisomea koridoni peke yake, na wewe utakuwa mbali unasaga mahindi. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Wanatutoa Jumatatu. Usipofika kabla ya hapo nitamsomea mimi, neno kwa neno.

Usidhani nimejaa ushujaa. Naogopa atakavyokuwa akisikia. Lakini naogopa zaidi aendelee hivi mpaka azeeke.

Binti yako.


Jumamosi, 29 Machi

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Mambo mawili yalinijia: kukuomba uichome, na kukimbia. Nakuambia ili ujue anayekuja ni mtu wa namna gani.

Karatasi hii inatangulia kwa kondakta wa basi la asubuhi. Mimi napanda la mchana. Nimefanya hivyo ili nikifika kituoni na miguu ikigoma, niwe nimeshakuahidi. Ukiniona nimesimama getini natazama tu, mtume mtu anishike mkono.

Baba yako mdogo.


Jumapili, 27 Aprili

Shemeji,

Nimekuita shemeji kwa sababu sijapata neno jingine.

Ulipoanza kusema pale kwenye kamba za kuanikia nguo, nilidhani unaomba radhi kwa kuchelewa kumwona mtoto. Nikawa natabasamu. Hilo ndilo ninalolikumbuka vibaya kuliko yote, kwamba mpaka ulipofika kwenye dumu bado nilikuwa natabasamu. Baada ya hapo nilikupiga kwa nguo iliyolowa. Sijui mara ngapi, binti anasema ni mpaka wauguzi walipokuja. Hukuinua mkono. Ungeinua, labda ingekuwa rahisi kwangu.

Raba uliyotuma niliitupa jalalani. Kisha nikarudi kuiokota, kwa sababu tulihitaji chombo cha kuturudisha nyumbani. Nilifungua zile bolti nne mwenyewe. Ile ya kwako ilitoka vipande vitatu. Nilivishika mkononi muda mrefu, vyepesi kama maganda. Mkata Tiketi akaniuliza, "Hicho ndicho?" Nikamwambia ndicho. Akavua kofia yake mpya.

Ninajaribu kukuchukia. Asubuhi naweza. Mchana nakumbuka kwamba dumu alikusukumia wewe, akijua anachofanya. Aliyeona unafaa kuokolewa ni mume wangu, na sitaki kubishana naye.

Lakini miaka saba ya mimi kujiita muuaji, na wewe upo, unakula mezani kwangu, hiyo hakukupa yeye. Hiyo uliichukua mwenyewe. Sijaisamehe. Sitaandika kwamba nimeisamehe ili wewe ulale vizuri.

Nilidhani nikijua sikukosea, hofu itaniondoka. Haijaondoka. Juzi nilijaza taa nikaacha mafuta chini kidogo ya mdomo, makusudi, kujaribu. Nilikaa nikiitazama mpaka ikanishinda, nikaongeza. Labda nitajifunza upya, kama mtu aliyevunjika mguu.

Mtoto amefikisha kilo tatu. Baba yake amefika, anambeba kama trei ya mayai. Upande wao babu alishafariki zamani, na upande wetu wa kuitwa babu umebaki wewe tu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine yote, nikifikiri jinsi atakavyokuita bila kujua lolote.

Akianza kukaa bila kushikiliwa, njoo umwone. Si kabla. Usilete kitu. Na barua hii usiijibu. Barua zako kwa sasa naziogopa.

Mke wa kaka yako.